Majivu Kwanza

Mama mbangua korosho wa mtaa wa Rasbura hupaka majivu viganjani kabla ya kuanza, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Hugonga mara moja tu, kiini kikatoka kizima. Mimi, mtetezi wa wanawake mwenye semina tatu na kitambulisho shingoni, nilisimama mbele yake nikauliza swali la kwanza la dodoso, "Uliacha lini biashara ya ngono?" Hakuinua macho. Akagonga, akapuliza majivu, akajibu taratibu, "Marahaba."

Masikio yakaniwaka moto. Nikapekua dodoso langu, kurasa kumi na mbili za utu na heshima ya mwanamke; salamu haikuwamo.

"Shikamoo, mama."

Akanisogezea kigoda na kopo la majivu. "Paka kwanza. Tutaongea huku tunabangua."