Kifua Kisichopakwa Mafuta

Nakumbuka mlio mmoja, mwanangu, na hata sasa naweza kukutolea kwa mdomo: ti, ti, ti, taratibu kama mama anayegonga mwiko ukingoni mwa sufuria, halafu ghafla tiiiii, mrefu, usiopumua. Huo mrefu ndio ulionitoa mbio kila asubuhi mwaka wangu wa kwanza kwenye wodi ya moyo, na ndio niliokuja kuunyamazisha kwa kidole changu mwenyewe, kwa sababu ya huruma. Ngoja nikueleze. Umeniuliza kama kazi hii ya kulinda mioyo ya watu inakufaa, na mimi sijui kujibu swali kwa neno moja.

Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sijafika hata arobaini na bado nakimbilia chapati moto kama mtoto. Lakini wodini kwetu mzee ni yule aliyekaa, na mimi nimekaa. Shule yangu ni ya cheti tu. Diploma bado naiota, na nitaipata, utakuja kupiga vigelegele. Baba yangu alitoka Kenya akaja Kampala kugonga masanduku ya bati ya wanafunzi pale Katwe, na sisi tukakulia katikati ya nyundo. Mtoto wa Katwe haamshwi na nyundo. Huamka nyundo zikinyamaza. Nilipopelekwa kwenye wodi yenye mashine zinazolia mchana kutwa, nilijisifu kwamba masikio yangu yamekwisha kufundwa. Kumbe kuzoea kelele ni jambo la kuogopa, mwanangu. Ukishaizoea, huisikii tena.

Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali ni rahisi. Mgonjwa anabandikwa vibandiko kifuani, kila kibandiko na waya wake, na waya zinaupeleka mpigo wa moyo kwenye skrini: moja juu ya kitanda, nyingine mezani kwetu wauguzi. Mstari wa kijani unapanda na kushuka. Mimi niliupenda mstari ule kabla sijauelewa.

Mzee Okello aliletwa kwetu majira ya mvua. Alikuwa sajenti mstaafu kutoka kaskazini, mrefu hata miguu ikatokeza nje ya kitanda. Aliishi mtaa wa Bwaise na mkewe, akilinda duka la misumari na saruji. Shida yake ilikuwa kuanguka. Hana homa, hana maumivu. Amesimama anaongea, mara yuko chini, kisha anaamka kuuliza watu wanatazama nini. Daktari alishuku kwamba moyo wake husimama kidogo, halafu hukumbuka kazi yake. Hali hiyo haina kidonge. Hupandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, cha kuukumbusha moyo kupiga. Watu wanakiita betri ya moyo. Ila hakuna anayempasua mtu kwa kushuku. Ilibidi mashine iuone moyo ukisimama na kuuchora. Basi tukamfunga waya, tukangoja. Na unajua Bwaise ikinyesha. Maji yanaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mtu wa kuanguka ghafla, hata maji ya magotini yanatosha kumzamisha.

Mgonjwa kwetu haji hospitali peke yake. Huja na mtu wake wa kumwogesha na kumpikia. Mtu wa Mzee Okello alikuwa mkewe, Mama Aber, mwembamba, mkimya, mwenye mkeka wake kando ya kitanda. Kila asubuhi alimwogesha mumewe kwa maji ya uvuguvugu, kisha akafungua kopo la mafuta ya yaa, yale mazito yanayokamuliwa kwao kaskazini, akampaka toka shingoni hadi vidoleni. Taratibu, kama anayepiga pasi shati la harusi. Na mafuta yakigusa kifua, vibandiko vinateleza. Tiiiii! Mimi mbio. Nafika, namkuta mzee anang'aa kama sufuria mpya, waya zinaning'inia.

"Musawo," ananiambia, maana sote wa hospitali hapa tunaitwa hivyo, "mimi iko mzima. Ni mashine yako imekufa."

Sista Nakato, mkuu wetu wa wodi, akaniita. Mama huyu alikuwa mfupi, mwenye sauti inayofika kona zote bila kupazwa. Kiswahili hakukijua, kwake kilikuwa lugha ya askari, ukikisikia ujue umekosa kitu. Kwa hiyo wagonjwa wa Kiswahili walikuwa wangu.

"Mwambie yule mama aache mafuta."

"Ndiyo, Sista."

Nikaenda. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Mama Aber akaniona naangalia kopo, akadhani nayasifu mafuta.

"Yananuka kidogo," akasema, "lakini ni mazuri. Kwetu mtu asiyepakwa mafuta ni mtu aliyeachwa. Watu wakimwona mume wangu mkavu, watasema huyu hana mke. Na mimi niko."

Sasa wewe ungesema nini? Nikabandika vibandiko vipya, nikaondoka. Siku ya pili nikafanya ujanja wa mtu mwenye moyo laini: wakati wa kuoga nilikuja kwanza, nikabonyeza kitufe, nikazima sauti ili wapate amani. Wakimaliza, nakausha kifua, nabandika upya, narudisha sauti. Mama Aber akanibariki kwa mkono kichwani. Nikajiona muuguzi bora Kampala nzima. Wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini nani husikiliza wahenga siku anayosifiwa?

Asubuhi moja nilikuwa kitanda cha jirani, nampimia bibi mmoja presha, niliposikia bakuli limeanguka.

"Musawo! Musawo, njoo!"

Nikakuta Mzee Okello ameinamia bega la mkewe, macho meupe, maji ya bakuli yametapakaa sakafuni. Nikashika shingo yake nikitafuta mpigo. Hakuna. Hakuna. Nikafungua mdomo niite msaada, na hapo hapo chini ya vidole vyangu moyo ukagonga, tena ukagonga, kama mtu anayebisha mlango baada ya kusahau amekuja kufanya nini. Mzee akafumbua macho, akamtazama mkewe.

"Mbona unalia? Nani amekufa?"

Nikageuka kuangalia skrini. Ilikuwa tupu. Waya zote zilikuwa juu ya shuka, zimelowa mafuta. Kitu tulichokuwa tukikingoja tangu aletwe kilikuja, kikapita mbele yetu, na mashine ilikuwa haina macho wala sauti. Macho niliyaacha yatoke. Sauti niliizima mwenyewe.

Daktari alipopita akanisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu. "Nakuamini. Lakini huyu yuko kwenye dawa za presha, na mtu akiketishwa ghafla baada ya maji ya moto anaweza kuzimia. Siwezi kumpeleka kupasuliwa kwa kusikia tu. Na kitanda kinangojewa. Tumwangalie kesho, isipotokea, arudi nyumbani aje kliniki."

Nyumbani ni Bwaise. Na nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

Sista Nakato hakunigombeza mbele ya watu. Alinivuta chumba cha kufulia, akafunga mlango.

"Nilikutuma neno. Ulilifikisha?"

"Hapana, Sista."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea huruma."

Akanitazama usoni. Halafu akasema, na maneno haya nayabeba mpaka leo: "Wewe hukumwonea huruma yeye. Ulijionea huruma wewe, usimwone akinuna. Ungempenda, ungemwambia. Sasa umemwacha mama wa watu akimpenda mumewe kwa mikono miwili bila kujua mmoja unamwangusha." Akanipangusa machozi kwa kona ya aproni yake, si kwa upole sana, kama unavyompangusa mtoto kamasi. "Nenda. Na usisimame ukiongea naye. Kaa chini."

Nikakaa mkekani. Nikamweleza Mama Aber yote: vibandiko vinafanya kazi gani, tunangoja kuona nini, mafuta yanafanya nini, na kitufe nilichokibonyeza. Niliogopa atanifukuza. Alikuwa akipitisha kidole kwenye mdomo wa kopo.

Mzee ndiye aliyeanza. "Musawo, bunduki hupakwa mafuta ipige vizuri. Vipi moyo ukatazwe?"

"Bunduki haibandikwi vibandiko, Afande."

"Hmm. Hiyo ni kweli." Akamgeukia mkewe. "Mama Aber, huyu ni mlinzi wangu. Wewe unampaka mlinzi mafuta machoni."

"Mimi sikujua!" Mama Aber akasema kwa ukali, na ukali ule ulikuwa wangu, nikaupokea. "Kila siku nakubariki, nawe unajua? Mimi nimekuwa mke wa askari maisha yangu yote. Nimeambiwa mambo mabaya kuliko haya, nikasimama. Kwa nini uliniona mtoto?"

"Nisamehe, Mama."

Akashusha pumzi. Akafunika kopo, akalifunua tena. "Miguu inakatazwa?"

"Haikatazwi. Wala mgongo, wala mikono. Ni hapa tu." Nikamwonyesha kifuani.

"Basi kifua ni cha wasawo," akasema. "Lakini ni cha kuazima. Nitakitaka."

Mzee akacheka hadi kitanda kikalia. Tuliosha kifua kile pamoja, yeye kwa sabuni, mimi kwa spiriti, tukanyoa vinyweleo vyeupe, tukabandika. Vikashika kama rangi. Kisha akampaka miguu, polepole kuliko siku zote, na mimi sikugusa kitufe.

Siku iliyofuata ilipita nusu bila kitu. Daktari alikuwa amekwisha kuagiza dawa za kurudi nazo nyumbani. Mama Aber alikuwa anakunja nguo, mzee anamsimulia bibi wa kitanda cha jirani jinsi walivyovuka na askari wenzake mto fulani ujanani, mara mlio mrefu ukatoka. Wenzangu mezani hawakuinua vichwa. "Ni mafuta ya mzee," mmoja akasema. Mimi nilikuwa nimeshafika. Vibandiko vyote vilikuwa mahali pake. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka, na mzee alikuwa amekatika katikati ya neno. Nikaita jina lake, nikaweka mikono kifuani nianze kukandamiza, na mstari ukainuka. Mmoja. Halafu mwingine.

"...hadi shingoni," mzee akamalizia, akimaanisha maji ya ule mto.

Mashine ilikuwa imeuona. Daktari alikuja akashika karatasi ile yenye mstari, akaitazama, akatutazama, na hakusema tena habari ya kurudi nyumbani. Baada ya siku chache walimsukuma kwenda kuwekewa betri, Mama Aber akienda kando ya machela akiwa ameshika kidole gumba cha mguu wa mumewe. Alirudi Bwaise akiwa na moyo unaokumbushwa. Mpaka ninapokusimulia haya sijasikia kwamba ameanguka tena.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kama una moyo laini, njoo. Wodi yetu inawahitaji wenye moyo laini, wagumu tunao wa kutosha. Lakini huruma isiyosema kweli ni mafuta kwenye kifua: inang'aa, na inaangusha waya. Mwambie mgonjwa na watu wake lile unalolijua, ukiwa umekaa chini, kwa lugha yao, na uwape njia ya kuendelea kumpenda mtu wao. Kengele usiizime ili wewe upate utulivu. Na ikilia mara mia kwa upuuzi, ya mia na moja ikimbilie kama ya kwanza. Shule utaipata taratibu. Mwenda pole hajikwai. Mungu akupe masikio yasiyochoka, mikono yenye joto na ulimi usioogopa. Na siku utakapolia kazini, maana utalia, akupe Sista Nakato wako na aproni yake.

Siku ile walipomsukuma mzee, nilibaki peke yangu kutandika kitanda. Nilivuta pazia. Nikachukua vile vibandiko vilivyotumika, vilivyobaki na gundi kidogo, nikafungua vifungo vya juu vya sare yangu, nikajibandika. Kwenye skrini ukatokea mstari wa kijani, unakimbia, wenye papara kama mimi. Nikausimamia, nikautazama mpaka ukatulia.