Barumbu Alisema "Bien Reçu"

Chef wetu wa foni, mutu ya Maniema, asubuhi alikuwa anakohoa kwanza. Hivi: hm-hm-hrrr! Kisha anashika mikro kama mutu anashika nyoka ku shingo, anaanza kuita: "Yahuma, Yahuma, unanisikia? À vous." Maana yake: zamu yako.

Foni, kwa wenye hawakuijua, ilikuwa mashine ya kusema mpaka kule mbali bila waya. Kampuni ya kununua kahawa iliweka moja mu kila poste, kila kituo yake, na yetu ya Kisangani ndio ilikuwa mama yao. Kila asubuhi mama anauliza watoto: muko wazima? Wanajibu. Kisha anawasomea habari ya siku, bei ya kahawa, boti itapita lini, na kila moja anaandika vilevile, ili maposte yote ikuwe na neno moja.

Mi, binti wa kazi, nilikuwa nafagia na kupika chai. Masomo sikuona hata mulango yake. Lakini sauti za watu zilikuwa zangu, niliziiga zote, na kila mutu tulimuita jina ya poste yake. Yahuma alisema kama iko na kwanga ya muhogo mu mudomo: "Nimeshikia, shef." Basoko alikuwa anaimba, kila neno na mukia yake: "Nakusikiaaa, citoyen cheeef," mwananchi chef. Na Barumbu, ah, Barumbu ilikuwa risasi: "Bien reçu, chef, cinq sur cinq!" Ndiyo kusema: nimepokea, nasikia vizuri kabisa. Haulizi kitu, harudilishi kitu. Chef alimupenda sana. "Yahuma ananichokesha na maulizo yake," alikuwa anasema. "Angalia Barumbu! Pale pale!"

Mi pia nilimupenda, sababu mama yangu alikuwa anakaa Barumbu.

Mama macho yake yote mbili ilifunikwa na ngozi nyeupe, kama macho ya samaki ya kuchemsha. Bon, ku hospitali ya Kisangani kukaingia docteur moja ya macho, wa kupita tu. Watu walikwenda wakishikwa mukono, wakarudi wakiwatukana majirani toka mbali. Lakini ule docteur alikuwa karibu kwenda zake. Nikamulilia chef, akaweka neno yangu nyuma ya bei ya kahawa:

"Barumbu, ambia mama ya ule mufagiaji wetu apande boti yenye inakuja. Macho itatengenezwa. À vous."

"Bien reçu, chef, cinq sur cinq!"

Nikaenda ku beach, pale boti zinafunga. Boti ikafika, watu wakashuka, nguruwe zikashuka, samaki ya moshi ikashuka, mama hapana. Tukatuma neno tena. Bien reçu! Boti ingine ikafika: mama hapana. Nikasema, basi donc anaogopa kisu ya docteur. Nikamukasirikia mpaka nilikuwa nagombana naye peke yangu mu jiko, sauti yake na sauti yangu, na yeye ndio alikuwa anashinda.

Asubuhi moja chef akaacha appel, kule kuita maposte, katikati, akakimbia choo. Mikro ikabaki juu ya meza. Mungu aliumba mikro, akaumba na mimi, akatuweka mu chumba moja. Ningefanya nini? Nikakohoa: hm-hm-hrrr!

"Barumbu, Barumbu! Mbuzi yangu imeoa mama-mukwe yako. Mali yote ya ndoa imelipwa. À vous."

"Bien reçu, chef, cinq sur cinq!"

Mule ndani ya mashine Basoko akapasuka na kicheko: "Yééé! Citoyen cheeef, mbuzi ganiii?"

Nikaendelea. "Barumbu, wewe ni punda. Rudilisha hii neno. À vous."

Kisha: "Bien reçu, chef!"

Nikageuka, chef iko nyuma yangu, na birika ya maji mu mukono. Nikasema, leo kazi imekwisha. Akachukua mikro pole pole, akaangalia mashine, akaniangalia. Kumbe shetani iko ya watu wote.

"Barumbu. Hapa ni chef mwenyewe. Mwezi hii tutakulipa na magamba ya samaki. Unakubali? À vous."

"Bien reçu, chef, cinq sur cinq! Siku njema!" Na akazima.

Chef alicheka mpaka machozi. Ni Basoko ndiye alitufungua macho: "Citoyen cheeef, mi nafikiri sikio ya mashine yake ilikufaka. Mudomo tu ndio inabaki. Iko na saa ku ukuta, anajua zamu yake, anajibu, na kila kidogo anarudilia. Anaogopa mutamunyanganya kaziii."

Chef akaacha kucheka. Alikuwa anahesabu mu kichwa bei zote za kahawa alizomwaga mu mufuko ya kutoboka. Mimi nilihesabu kitu kingine: mama hakukataa. Hakuna mutu alimuambia! Na docteur alikuwa tayari anafunga masanduku.

"Muambie sasa!" nikalia.

"Nimuambie na nini?" chef akajibu. "Mutu anasema lakini hasikii, kama mukubwa ya serikali!" Alafu akaangalia mulango, kuona kama hakuna mutu alimusikia.

"Tulieni," Basoko akaimba. "Mi naingia mu pirogue, mutumbwi yangu, naenda Barumbu kumuambia mama mwenyeweee. Boti bado haijafika huku."

Boti ikafika Kisangani, docteur amebakisha siku ya kesho tu. Mama huyu hapa, juu ya daraja ya mbao! Mukono moja anashika kuku. Ingine anashikwa na papa moja mwembamba, mutu wa foni ya Barumbu mwenyewe, amebeba mashine yake ya kiziwi ku kichwa ndani ya pagne ya kitenge.

"Mutoto yangu!" mama akaita upande ule sikuwa. "Mapasa yako, watoto wawili wa mimba moja, iko wapi?"

"Mapasa gani?" Mi hata bwana sikuwa naye!

"Unanificha? Papa huyu alinieleza yote. Ulituma salamu mu foni. Kisha ukapata bwana. Kisha mimba. Juzi mapasa, kijana na binti. Barumbu muzima ilicheza!"

Ule papa alikuwa anaangalia maji kama mutu ameangusha kitu. "Alikuwa anakuja kila asubuhi," akaniambia chini chini. "Anauliza, hakuna neno ya mutoto yangu? Nilianza na salamu tu..."

Mama akakaa juu ya gunia ya mutu. "Nishike kwanza wajukuu. Macho itangoja."

Docteur hangoji! Nikasema: "Mama, mapasa iko pale mbele, wanabebwa ku hospitali, unasikia?" Nikageuza uso. Ngaa, ngaa, ngaa! Ule wa kike. Nikabadilisha koo. Ngoo, ngoo! Ule wa kiume. Mama akasimama. Nikatangulia, nalia kwa wawili barabara yote, wauza makala ya kupikia wanashika mudomo, papa ya Barumbu nyuma na mashine, na kuku sasa. Muuza ndizi moja akaniuliza: "Pole mama, inakuuma wapi?"

Docteur akatoa ile ngozi. Siku walifungua kitambaa, mama akaniangalia toka nywele mpaka tumbo, pole pole.

"Mapasa hawalii kwa zamu," akasema. "Moja analia, anamaliza, ananyamaza, mwenzake anaanza? Nilijua kabla hatujatoka ku beach."

"Na ukanifuata?"

"Nilitaka macho, nione sura ya mutu alinipa uongo kila asubuhi na sauti tamu namna ile." Akamugeukia papa ya Barumbu, alikuwa amekaa ku mulango na sahani ya supu ya kuku. Akamukazia macho mupya.

"Aah," akasema. "Sura ni hii tu?"