Pepo la Kirikuu

Mwanahalima akishaamua jambo, hata umpigie magoti humtoi hapo. Watu wa Sombetini walilijua hilo tangu akiwa mke wa Khalfani, wakadhani ujane utamlegeza kidogo. Wapi! Khalfani alipofariki alimwachia binti mmoja, Najat, na kirikuu jeupe, lile gari dogo la mizigo ambalo injini yake imejificha chini ya viti. Eda ilipokwisha, mama huyo alishika usukani akaanza kupanda Olmotonyi kila asubuhi kuchukua maziwa kwa wafugaji na kuyashusha kwenye kibanda chake cha maziwa mgando kule Kijenge. Gari likimtoka mikononi, kibanda nacho kimekwenda.

Tatizo likawa kilima. Kila gari lilipoacha lami na kuanza kupanda, mshale wa joto ulipanda nalo, mvuke ukafuka chini ya kiti, na mama wa watu akabaki kando ya barabara akisubiri injini ipoe huku maziwa yakimngoja juu.

Omary, kaka mkubwa wa marehemu, hakuhitaji fundi wa kumweleza sababu.

"Gari hili lina pepo," alitangaza mbele ya ndugu. "Khalfani hataki mwanamke aliendeshe. Nimeshapata mnunuzi, Jumamosi analichukua."

Na watu wazima, wenye akili zao, wakatikisa vichwa kukubali! Maneno yale yalimchoma Mwanahalima. Kusingiziwa na watu ni jambo la kawaida, lakini kumsingizia marehemu aliyemfundisha mwenyewe kuendesha gari lile, hilo lilimkereketa. Hata hivyo alijibu kwa adabu.

"Shemeji, likipanda Olmotonyi bila kuchemsha, bado litakuwa na pepo?"

"Likipanda, nitanyamaza."

"Basi Jumamosi alfajiri tupande wote, kabla huyo mtu hajaja."

Alikwenda kwa Eliud, fundi wa mtaani kwao. Eliud akainua kiti, akapapasa, akatoa themostati: kijilango cha chuma kinachotakiwa kufunguka maji ya injini yakipata moto, ili yaende kupoa kwenye rejeta. Hicho kilikuwa kimekwama. Mafundi wengi hukitoa na kukitupa, wakisema ni cha nchi za baridi. Eliud hana mchezo huo. Aliweka kipya na gasketi yake, akajaza maji, akamruhusu aende. Kesho yake kilima kikamchemshia tena, vilevile.

Habari zikamfikia Omary kabla Mwanahalima hajarudi. Ijumaa mchana, mama huyo alipofika gereji, Eliud alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono ameikunja kifuani.

"Mama Najat, Mzee Omary kapita hapa. Kasema gari la watu linauzwa, nisiliguse."

"Na wewe ukakubali?"

"Ni mtu mzima yule, nimvunjie heshima?" Eliud akatazama pembeni, kisha akatabasamu. "Lakini kakataza mikono. Mdomo hakuutaja."

Mwanahalima akafunga kanga kiunoni.

"Haya, sema. Leo lazima pepo hili nilitoe."

"Upepo, Mama Najat. Kuna upepo umebaki ndani ya mabomba. Maji yakifika hapo hayapiti. Kosa langu, juzi nilikuwa na haraka."

"Kwa shemeji ni pepo, kwako ni upepo. Vyote nataka vitoke."

Ndipo kazi ikaanza, mmoja akisema, mmoja akitenda. Mwanahalima alisogeza gari pua ikatazama mwinuko. Aliposhika mfuniko wa rejeta, Eliud akapiga kelele asubiri injini ipoe, maji ya moto yasije yakamuunguza uso. Akasubiri. Akafungua, akajaza kulanti, yale maji ya kupozea injini, polepole, akawasha injini akaiacha ikinguruma.

"Sasa washa hita, ya moto kabisa."

"Hita? Na jua lote hili?"

"Upepo hupenda kujificha kwenye mabomba ya hita."

Kitufe cha hita kilikuwa kimekakamaa, maana tangu gari linunuliwe hakuna aliyekigusa. Alikisukuma kwa kiganja mpaka kikakubali. Kisha akalegeza kiskrubu cha kutolea upepo, akaminya mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa, akaminya tena. Mapovu yakaanza kutoka, maji yakashuka, akaongeza. Mara mbili Eliud alinyoosha mkono kumsaidia, na mara mbili Mwanahalima akamrudisha kwenye benchi.

"Kaa hapo. Sitaki aseme umeligusa."

Mapovu yalipokwisha na maji matupu yakatiririka, alikaza kiskrubu. Feni ikawaka, ikazima. Hita, maji yakipita sasa, ikampulizia moto usoni mpaka akatokwa jasho, naye akacheka peke yake.

Jumamosi kulikuwa na baridi kali, ukungu umelala barabarani. Omary aliketi kando yake na koti zito, macho kwenye mshale. Walipita Ngaramtoni, wakaacha lami. Kilima kikaanza. Mwanahalima alikaza usukani, na mguu haukulegea kwenye mafuta. Mshale ulifika katikati ukatulia hapo. Omary akajikunyata. Mwanahalima akafungulia hita, na mzee akaikaribisha kwa viganja vyote viwili.

Juu walimkuta Resiato, mfugaji anayemuuzia maziwa, amesimama na madumu yake.

"Leo umewahi, Mama Najat! Wale wenzangu nilishawaambia hutakuja tena."

"Nimekuja. Pakia."

Omary alishuka, akainama, akachungulia chini ya gari. Hakukuwa na mvuke wala tone. Aliinuka taratibu, na simu yake ikaita. Alikuwa mnunuzi, keshafika Sombetini.

Mwanahalima alisimama na dumu mkononi, hakulipakia wala hakuliweka chini.

"Nisamehe kwa usumbufu, bwana," Omary alisema kwenye simu, akikwepa macho ya shemeji yake. "Gari haliuzwi. Mwenyewe hataki."

Tangu Khalfani azikwe, ndugu wote waliliita gari la marehemu; leo, kwa mara ya kwanza, mwenyewe alikuwa yeye. Mwanahalima aliinua dumu akalipakia, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta.