Ndoo Sitini za Kuazima

Ukifika Mtaa wa Narung'ombe ukaulizia duka la Angela, watu watakukodolea macho. Ulizia Mama Koki, utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo alilipata mwaka ule wa korona, pale Kariakoo nzima ilipogundua kwa siku moja kwamba mikono ina uchafu, na kila mlango wa duka, wa benki, wa msikiti ukawekewa ndoo ya kunawia. Angela alikuwa akiuza ndoo za plastiki miaka kumi na nane, tangu alipoteremka kutoka migombani Machame. Kilichobadilika ni kwamba sasa alishinda kwenye kigoda, chuma cha moto mkononi, akitoboa ndoo karibu na kitako na kufunga koki, mpaka harufu ya plastiki iliyoungua ikamkaa kwenye nywele.

Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, mwenye ulimi usiojua likizo. Wakubwa ndio hasa aliowasubiri. Mtu akisema kwenye redio kwamba jambo fulani linashughulikiwa, Angela alisonya hadi wateja wakageuka. "Linashughulikiwa!" alikuwa akisema. "Mimi nikimwambia mteja ndoo yake inashughulikiwa, si atanitukana?"

Alikuwa na sababu. Mdogo wake Elimringi, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa mahabusu mwezi wa ishirini sasa. Kosa lake lilikuwa kushika funguo. Alikuwa mtunza stoo wa tajiri mmoja pale pale Kariakoo. Siku mzigo wa tajiri ulipokamatwa hauna karatasi, tajiri akapata safari ya ghafla ya matibabu, na aliyekutwa na funguo mfukoni akapandishwa karandinga. Kesi yenyewe ikaandikwa ya uhujumu uchumi, haina dhamana. Elimringi kuhujumu uchumi! Mtu aliyekuwa akiazima hata wembe wa kunyolea.

Kila baada ya siku kumi na nne walimleta mahakamani, na kila mara mwendesha mashtaka alisimama, akapandisha suruali, akasema maneno yale yale: upelelezi haujakamilika. Hakimu akaahirisha. Watu wakatoka, wakaenda kunywa chai. Angela alikuwa amekaa kwenye benchi lile zaidi ya mara thelathini. Upelelezi gani huo? Mtu akitafuta kitu miezi ishirini hakioni, si aseme tu kwamba hakipo?

Korona ilipoingia, hata benchi lile akanyang'anywa. Kutembelea mahabusu kukasimamishwa, chakula kutoka nyumbani kikakataliwa getini. Mahakama ikaleta televisheni ili kesi zisikilizwe watu wakiwa huko huko gerezani. Angela alimwona mdogo wake kwenye kioo hicho kwa muda usiofika dakika moja. Amekonda, mkono kifuani, anakohoa mpaka anainama. Kisha picha ikaganda na Elimringi wake amefumba macho. Tarehe iliyofuata wakaambiwa mtandao hakuna. Na iliyofuata tena. Miezi mitatu ikapita hajui kama mtu wake yuko hai au kaburini. Alipokwenda getini kuuliza, askari wa zamu alimjibu bila kuinua macho kwenye simu yake: "Mama, angekuwa amekufa ungeitwa."

Jumanne moja asubuhi, karandinga tupu likaegeshwa mbele ya duka. Akashuka askari magereza mmoja kijana, suruali imepigwa pasi ikasimama. Akajitambulisha kuwa ni Leodegar, kutoka gereza lile lile alikowekwa Elimringi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndoo ngapi?"

"Sitini. Zote ziwe na koki." Akakohoa kidogo, kikohozi cha kutafuta maneno. "Ila ni za kuazima."

"Kuazima nini?"

"Ndoo, mama. Keshokutwa Alhamisi kuna kamati ya Bunge inakuja kukagua hali ya mahabusu na huu ugonjwa. Ijumaa tunakurudishia zote. Wewe uhesabu kama mchango wako kwa taifa."

Angela akaweka chuma chini polepole. "Na Ijumaa hiyo, ndoo zikishaondoka, ugonjwa nao unaondoka na kamati? Unapanda gari la mheshimiwa, unarudi nao Dodoma?"

"Mama, mengine hayo ni ya utawala."

Loo! Angela alikuwa ameshavuta pumzi ya kumfukuza hadi Msimbazi watu wasikie. Lakini akaishusha pumzi ile. Ndoo sitini zitaingia mle. Yeye haruhusiwi, chakula chake hakiruhusiwi, ila ndoo zake zinaombwa kwa upole na shikamoo juu.

"Njoo saa tisa," akasema. "Vyombo vya kuazima haviondoki hapa havijaandikwa."

Leodegar hakushangaa, nani asiyejua? Sufuria likitoka kwenda harusini au msibani bila jina la mwenyewe kitakoni, basi limekwenda hilo, utalikuta mwakani kwa jirani anapikia pilau. Vyombo vya Angela viliandikwa kwa rangi nyekundu, ANGELA K/KOO, na zamani kazi ile alikuwa akiifanya Elimringi. Kila alipomaliza jina alichora pembeni kamkungu kadogo ka ndizi, ili watu wajue, alivyokuwa akisema, kwamba vyombo hivi vina kwao.

Angela akapindua ndoo ya kwanza, akaandika jina lake. Chini yake, kwa herufi ndogo, akaongeza: ELI UPO?

Aliandika hivyo mara sitini. Badriya, jirani yake mwenye duka la vitambaa, alikuja kuazima mkasi akasimama nyuma yake akisoma. Badriya alikuwa mtu wa kuogopa hata mgambo wa jiji.

"Yarabi! Angela, una akili wewe? Utafungwa na wewe."

"Watanifungaje? Mpaka wapindue ndoo."

"Wakipindua je?"

"Hawa?" Angela akasonya. "Badriya, hawa ni watu wa kutazama juu juu. Wangekuwa na tabia ya kupindua vitu, mdogo wangu asingekuwa kule. Atakayepindua ni yule anayetumwa kubeba, na wanaobeba ni mahabusu."

Saa tisa Leodegar akarudi. Akahesabu ndoo kwa kidole, akasaini daftari, akasifia rangi ya njano kwamba inapendeza kwenye picha. Hakupindua hata moja.

Alhamisi alasiri Badriya alikuja mbio na simu yake, kanga imemporomoka begani. Video ilikuwa inazunguka kwenye makundi. Wakainamia kioo wote wawili. Zile pale! Ndoo sitini za njano, zimepangwa foleni mbele ya ukuta uliopakwa chokaa mbichi. Mwenyekiti wa kamati, mheshimiwa mpana, barakoa ameivaa kidevuni, ananawa mikono kwenye ndoo ya kwanza. Ananawa kwa ustadi, jamani, kidole kimoja kimoja, mpaka mpiga picha apate. Kisha wakaletwa mahabusu kumi na wawili wamevaa mashati mapya, mikunjo ya paketi bado haijafa, na nyuma yao amesimama mkuu wa gereza mikono kiunoni.

"Kuna mwenye malalamiko?" akauliza mheshimiwa.

Mmoja alitazama viatu vyake, wengine ndoo. Angela alisogeza uso kwenye simu akiwatafuta mmoja mmoja, na Elimringi hakuwamo.

"Mnaona wenyewe," mheshimiwa akaigeukia kamera. "Hakuna malalamiko. Kamati yangu imejiridhisha pasipo shaka kwamba mahabusu wetu wako salama, vifaa vya kunawia vipo vya kutosha, na haki za watu zinazingatiwa."

"Ndoo zangu hizo!" Angela akapiga kelele hadi wapita njia wakasimama. "Umejiridhisha na ndoo zangu, mtu mzima ovyo! Umeazimiwa ukweli kama sufuria za pilau, nawe umekula ukashiba!"

Kisha akakaa kwenye kigoda, hasira imemwisha. Mahabusu kumi na wawili, mashati mapya, na Eli hayumo. Pengine hayumo popote. Badriya akamshika bega.

Ijumaa karandinga likaleta ndoo hamsini na nane. "Mbili zimebaki kwa bwana mkubwa, amezipenda," akasema Leodegar, akaondoka kabla hajajibiwa. Angela hakuwa na habari ya mbili. Alifunga mlango wa duka nusu, akaanza kupindua.

Ya kwanza, jina lake na swali lake, basi. Ya pili hivyo hivyo. Ya kumi. Badriya akaja akakaa sakafuni kusaidia, akawa anasoma dua kimoyomoyo kwa kila ndoo. Ishirini. Thelathini. Zilikuwa safi zote, hazina hata utelezi wa sabuni, na hilo peke yake lilimwambia mengi. Walipopita arobaini Angela akawa anapindua kwa kugusa ukingo tu, kama anayeogopa kuamsha mtu. Ya arobaini na sita, akaipindua, akaitazama, akaipakata.

Chini ya swali lake, maneno yamekwaruzwa kwa msumari:

NIPO. HOMA IMEISHA. NDOO HAZIKUVUKA GETI LA NDANI. CHUMBA CHETU WATU 140 BOMBA MOJA. HAKUNA ALIYETUULIZA.

Na pembeni, kamkungu kadogo ka ndizi.

Angela alilia kwa sauti, mikono yote miwili imeikumbatia ile plastiki, na Badriya akalia naye huku akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Yuko hai. Walimtoa kubeba ndoo za kumwonyesha mheshimiwa, wakamrudisha ndani kabla mheshimiwa hajafika, kisha wakamtoa tena kuzipakia garini, lakini yuko hai.

Alipomaliza kulia akajipangusa kwa kitenge, na hasira ikarudi mahali pake. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta swali lake lenye jina ELI, asije mtu akamtafuta mdogo wake kumwadhibu. Maneno ya msumari akayaacha. Jumatatu akaibeba ndoo hadi ofisi ya mjini ya yule mwenyekiti, ghorofa ya kwanza, njia ya kwenda Feri, ambapo harufu ya samaki wa kukaanga hupanda ngazi bila kuomba ruhusa.

Mhudumu wa mapokezi aliitwa Sofia, dada mpole mwenye kucha ndefu. Hakungoja Angela amalize. "Jamani, umetuletea ndoo! Asante sana, mama, Mungu akuzidishie." Akampiga picha na ndoo yake, ya kuweka kwenye ukurasa wa mheshimiwa.

"Sijaleta mchango, mwanangu. Nataka aipindue, asome kitako."

"Sawa mama, ataiona tu."

"Kuiona sio. Aipindue."

"Nimekuelewa, mama. Itashughulikiwa."

Angela alisubiri siku kumi na nne. Alizichagua makusudi, ndizo walizomzoesha. Siku ya kumi na tano akapanda ngazi zile tena. Ndoo yake ilikuwa mlangoni, juu ya stuli, imejaa maji, na sabuni ya maji pembeni. Wiki mbili nzima kila aliyeingia mle alikuwa amenawa juu ya maneno ya Elimringi.

"Mheshimiwa bado hajapata nafasi," Sofia akaanza.

Na mheshimiwa huyo hapo, anapanda ngazi na wageni wawili wenye suti. Akasimama kwenye ndoo, akajimiminia sabuni nyingi, akaanza kunawa kwa ustadi ule ule wa kwenye video. Povu likampanda hadi kwenye saa. Akanyoosha mkono wa kufungua koki.

Angela akamtangulia. Miaka kumi na nane ya kubeba mizigo Kariakoo haikuwa bure. Alinyanyua ndoo nzima nzima, akamwaga maji kwenye chungu cha maua, mengine yakatapakaa sakafuni hadi kwenye viatu vya wageni, akaipindua, akaishika mbele ya uso wa mheshimiwa.

"Soma."

Mheshimiwa akasoma. Ilimbidi, ilikuwa karibu sana na pua yake. Wageni nao wakasoma, mmoja kwa sauti, mpaka kwenye lile neno la mwisho.

"Huyu... huyu aliyeandika ni nani?" akauliza.

"Ni mmoja wa wale mia na arobaini. Ulikuwa hatua ishirini kutoka mlango wake, ukanawa, ukaondoka."

Povu lilikuwa limeanza kumkauka mheshimiwa vidoleni, naye akawa ameinua mikono kifuani asijue aipeleke wapi.

"Mama, hili ni jambo zito," akasema. "Nakuahidi tutalifanyia kazi. Sasa naomba... Sofia, maji basi."

Angela alikuwa ameshaweka ndoo kwapani. Akamtazama kuanzia viatu hadi barakoa ya kidevuni, akasema kwa sauti ya chini, polepole, kama alivyosikia zaidi ya mara thelathini akiwa kwenye benchi:

"Mheshimiwa, vumilia. Upelelezi wa maji haujakamilika."

Akashuka ngazi na ndoo yake, maana ilikuwa ya kuazima.