Murdo Anatafuta Basi

Shemeji yangu Murdo Geddes alistaafu kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha nyama mwezi wa Machi, na Pasaka ilipofika alikuwa ameshatutia wazimu sote. Alitia mafuta bawaba za milango yote ya nyumba yake, kisha akaja kutia na zangu bila kuombwa. Aliifungua mashine ya kukata nyasi iliyokuwa nzima, akaifunga, ikagoma kuwaka, akawa na furaha siku nzima. Usiku nilikuwa naiona taa ya banda lake ikiwaka. Dada yangu Nola alimtazama kupitia dirisha la jikoni, akanywa chai yake.

Siku moja tukiwa mezani Murdo akatangaza kwamba anafikiria labda kutazamatazama basi. Alimaanisha basi kuukuu, lile la bati nene na pua ya mviringo, aling'oe viti, atie kitanda na jiko la kuni, liwe nyumba yake ya uzeeni, aondoke nalo kila majira ya baridi kufuata jua kaskazini. Huku kwetu Southland, kusini kabisa kwenye baridi kali, huo si wazimu. Mabasi makuukuu yamezagaa mashambani, mengi yakiwa mabanda ya kuku, na wastaafu huyafufua. Nola akamuuliza yeye Nola atakuwa wapi wakati huo. Murdo akapaka mkate wake siagi.

"Ukipenda, waweza kuja," akasema.

"Tutaona," akajibu Nola.

Ingekuwa watu wengine ningesema wameelewana. Lakini sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: hatusemi tunataka. Kutaka kitu mbele za watu ni aibu, kama kutoka barabarani na nguo ya kulalia. Mtu akila chakula kitamu kuliko vyote alivyowahi kuonja, atasema si kibaya. Akipenda kitu hadi roho inamtoka, atasema kinaweza kufaa. Tunalelewa hivyo, tunaoana hivyo, na mimi, Avis, ambaye nimezaliwa humu humu, jambo hili limenichosha tangu utotoni.

Wiki chache baadaye Nola alikuja kwangu tukunje mikate ya jibini ya kuuzwa kwenye harambee ya shule. Huku mikono yake ikifanya kazi, akaniambia kwamba amejiandikisha apate nyumba ndogo ya wazee mjini Dunedin, karibu na binti yao Heather. Akatamka kana kwamba ananieleza bei ya siagi. Nikamwuliza kama Murdo anajua. Hajui.

"Murdo ana safari yake," akasema. "Mimi hajaniita."

"Si alikwambia ukipenda uje?"

"Ukipenda huambiwa mgeni anapoongezwa chai, Avis. Mimi ni mke wake."

Nilitamani niwagonganishe vichwa. Watu wameoana tangu ujana, hawajawahi kurushiana neno baya, na sasa wanataka kuachana polepole kwa adabu, kila mmoja akimpisha mwenzake mlangoni. Nola alinikataza nisimwambie Murdo. Nikanyamaza, shingo upande, lakini nikaanza kuandamana na Murdo kwenye kutafuta huko, nikitumaini mdomo wake utafunguka njiani.

Haukufunguka. Tulikwenda Tuatapere tukakuta basi lenye mti uliochomoza dirishani. Tukaenda Balclutha, na lile halikuwa na kutu, ila paa lake lilikuwa chini na Murdo ni mrefu. Alijigonga kichwa kabla hajafika kiti cha pili. Kila tuliporudi mikono mitupu alizidi kuhangaika. Alisimama getini akitazama barabara, akaingia ndani, akatoka tena. Nola alikuwa akimwachia chakula chake kwenye oveni na kwenda kulala.

Majira ya kondoo kuzaa yalipokwisha ndipo tukaitwa Waikaia, kwa mfugaji mmoja mzee aitwaye Hector Strachan. Kwa miaka mingi, pamoja na kufuga kondoo, Hector alikuwa akiendesha basi la shule la bonde lile. Shule ilipofungwa, basi akalinunua yeye, akaliweka ndani ya banda la kukatia manyoya, pakavu kabisa. Lilikuwa la rangi ya maziwa na mstari wa kijani, halina kovu. Murdo aliingia, akasimama wima katikati, na kichwa hakikugusa paa. Akatoka, akajitupa chini na suruali yake ya kanisani, akatambaa hadi mwisho wa basi. Nilimsikia akigonga chuma huku na huku. Alikaa kule chini muda mrefu mno. Alipoibuka alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Unalionaje?" Hector akauliza.

"Si baya."

"Kuna bwana wa Invercargill naye atakuja Jumamosi kulitazama."

"Muache aje," akasema Murdo. "Mimi sina haraka."

Tukapewa chai na maandazi, wakazungumzia mvua na bei ya manyoya, tukaaga. Ndani ya gari Murdo alikuwa akilitazama lile banda kwenye kioo. Nikamwambia, shemeji, lile basi unalitaka.

"Linaweza kufaa."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Ameona. Nimegaagaa chini na suruali ya kanisani, ni nani asiyeona?"

Jumamosi ikapita. Jumatatu akasema atapitia Waikaia, kana kwamba Waikaia ni njiani kwenda dukani. Nikamwambia Nola kwamba safari hii siendi peke yangu na mtu anayeendesha kama nyumba yake inaungua. Akavaa koti, akaja.

Banda lilikuwa tupu. Palibaki doa la mafuta sakafuni na majani makavu. Hector alitutokea amevua kofia, hawezi kumtazama Murdo usoni.

"Yule bwana hakuzungukazunguka," akasema. "Alifika akaniambia, nalitaka. Na mimi nilitaka liende kwa mtu anayelitaka, Murdo. Wewe ulisema huna haraka."

"Hakuna neno," akasema Murdo.

Hector akatukaribisha chai. Murdo akakataa. Huku kwetu kukataa chai ya mtu mlangoni pake si jambo dogo, na nilijua ameumia vibaya.

Tulirudi hadi njia panda ya Riversdale. Kushoto ni kwetu Gore, kulia ni Dipton. Murdo alisimamisha gari pale pale katikati, na lori la maziwa nyuma yetu likapiga honi, likatupita. Hakugeuka.

"Nililitaka," akasema. "Nililitaka mno. Nilishapanga kila kitu. Kitanda upande wa kushoto, maana Nola hulala dirishani."

Nola akamgeukia. "Mimi?"

"Kwani nina Nola wangapi?"

"Uliniambia nikipenda."

"Sikutaka kukulazimisha."

"Nimejiandikisha nyumba Dunedin, Murdo. Kwa Heather. Wanasema itapatikana kabla ya Krismasi."

Murdo aliachia usukani. Nimemjua mtu huyu tangu alipokuja kumposa dada yangu, na sijawahi kumwona na uso ule. Mimi niliyekaa nyuma nilisogea mbele nisipitwe na neno.

"Usiende," akasema. "Nataka uje na mimi. Bila wewe sitaki basi, sitaki kwenda popote. Nakuomba, Nola."

Nola alitazama nje, kwenye shamba lenye kondoo.

"Dipton lipo basi," akasema. "Nyuma ya kanisa. Nililiona mwezi wa sita, tulipokwenda kumzika shangazi yako Ishbel."

"Mwezi wa sita? Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Ninyi mlikuwa mnakunywa chai ukumbini, mimi nikaingia ndani yake. Nikalala sakafuni na nguo zangu za msiba, nione kama tutaenea."

Murdo alirudisha mikono kwenye usukani.

"Wewe miguu itagusa mlango," Nola akasema, "lakini tunaenea. Haya, kata kulia."