Seva ya Kinyozi

Kinyozi huyu ana mkono mwepesi. Hata mtoto mkorofi humnyoa mpaka asinzie kwenye kiti. Lakini kompyuta, jamani! Kompyuta ilimtoa jasho.

Mkewe alifariki mwaka jana akaacha ujumbe wa sauti chungu nzima. Simu ya kinyozi iliharibika, sauti zikabaki kwenye diski moja kuukuu alikokuwa amezinakili, nayo sasa ilikwaruza kana kwamba inasaga mchanga. Ikifa hiyo, basi, sauti ya mkewe haipo tena popote. Ndipo kinyozi akaamua kujijengea seva: kompyuta ikae nyumbani, iwake kutwa kucha, ihifadhi sauti zile kwenye diski mbili mpya, hii ikifa ile ipo.

Aliokoteza vipande vya mitumba, akaiunga mashine pembeni ya kabati la sebuleni. "Mama," alimwambia mama mkwe wake, aliyebaki akikaa naye hata baada ya msiba, "sauti zake zote zitakuwa humu." Bibi aliitikia kwa kichwa, akaendelea kufuma. Nyumba ile kila kitu kilivaa kitambaa chake cha kufuma: televisheni, redio, mpaka ndoo ya maji.

Basi visa vikaanza. Diski mbovu ilinakili kwa kujikokota, ikataka saa nyingi mfululizo. Asubuhi kinyozi anaianzisha, anakwenda kazini. Jioni anaikuta imezima kabisa, moto wa kuunguza kidole. Usiku akiijaribu yeye, diski mbovu ikipumzishwa, inanguruma bila neno. Akabadilisha feni, wapi! Akabadilisha memori, wapi! Na kila akianza upya, mkwaruzo unazidi.

"Kaka, mashine hiyo inakuogopa wewe tu," fundi kompyuta aliyemuuzia vipande alimtania. "Ukigeuka, inafanya visa."

Kinyozi hakucheka. Usingizi ulikuwa umemruka.

Siku moja alisahau chaja ya mashine ya kunyolea, akarudi nyumbani mchana. Lo! Seva ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa kizito cha sufu, na bibi ameketi kando yake, anakipapasa.

"Mama! Unafanya nini?"

Bibi alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Nilidhani uko kazini, baba. Si ulisema mwanangu yumo humu? Na hiyo feni inampuliza kutwa! Tangu mdogo hakuweza baridi, yule. Ukitoka namfunika. Ukikaribia kurudi namfunua, usije ukasema mzee kachanganyikiwa."

Maneno makali yalikuwa yamemfika kinyozi kooni. Akayameza. Alipiga magoti, akakivua kitambaa taratibu, akakikunja vizuri.

"Mama, humu ndani kuna joto. Anataka upepo."

"Joto?" Bibi aligusa chuma, akauondoa mkono haraka. Machozi yakamlenga. "Maskini mwanangu. Kumbe namtesa."

"Hujamtesa, Mama. Umemtunza. Nami nilikuwa naihangaikia peke yangu bila hata kukueleza."

Kazini hakurudi. Aliianzisha seva upya, wakaketi pamoja mbele yake, bibi amepakata kitambaa chake, feni inavuma. Diski mbovu ikakwaruza, ikasita, wote wawili wakabana pumzi, ikaendelea. Alasiri ikapita hivyo. Jua lilipokuwa linatua, sauti ya mwisho ikaingia.

"Zote zimo?" bibi aliuliza.

"Zote, Mama." Kinyozi alitafuta ujumbe mmoja anaoujua kwa moyo, akaufungua.

"Mume wangu," sauti ikajaa sebuleni, na kicheko kidogo ndani yake, "leo nitachelewa. Mama akisinzia hapo kwenye kiti usimwamshe, mfunike tu."

Bibi aliegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho. Hakuwa amesinzia, na kinyozi alijua. Akachukua kile kitambaa, akamfunika.