Bibi wa Umri Fulani

Wajukuu zangu wakiniita kizee nacheka mpaka fizi zinaonekana. Niiteni! Uzee nimeutafuta mwenyewe, sikuuokota njiani. Ila mzungu usimwambie hivyo, atazimia hapo hapo. Hayo niliyajua nikiwa msichana, miaka ya sabini, nilipotoka kwetu Mbeya kwenda Mufindi kuwa yaya kwenye nyumba ya wazungu wa chai. Shule niliishia la pili, Kiingereza sina, lakini mpishi wetu, Mhehe mmoja mtu mzima, alikuwa anakisikia chote, hata cha chumbani. Ndiye alikuwa redio yangu.

Basi, siku moja mama yake memsabu, yule mama wa kizungu mwenye nyumba, akaja kutoka Ulaya. Mjane, na nyumba yake ya kule imeshauzwa. Mpishi akaniambia, "We mtoto, huyu bibi yuko kwenye mtihani. Mvua zikiisha, wakimwona bado ana nguvu, anabaki hapa. Wakimwona hana, anarudishwa Ulaya, kuna nyumba wanarundikwa wazee, hawajuani, wanangoja kufa."

"Kwani hana mtoto?"

"Si huyu memsabu? Ndiye anayempeleka."

Nikacheka, nikajua ananitania.

Bibi mwenyewe alijua. Asubuhi, ukungu umefunika chai yote, baridi inang'ata masikio, yeye kashapaka rangi ya mdomo, kasimama wima kama nguzo ya simu. Anataka kubeba kuni, anataka kumenya viazi.

Na mezani wanamsema, tena akiwepo! Lakini neno mzee halitoki, jamani. Mpishi anarudi jikoni na sahani chafu, mimi namdaka: "Leo wamesemaje?"

"Leo wamesema si kijana kama zamani."

Kesho yake: "Wamesema ameshavuka kilima, sasa anateremka."

Siku nyingine akaja anacheka peke yake. "Memsabu kamwambia mgeni kwamba mama yake ni mama wa umri fulani."

"Fulani gani?"

"Fulani tu. Kama mwizi ambaye hamtaki kumtaja."

Tulicheka mpaka sufuria ya maziwa ikafurika.

Sasa sisi kwetu mzee unamheshimu, au sivyo? Akishika kisu, nampokonya: "Bibi kaa, sisi tupo." Akibeba kuni, mpishi anampokea mzigo. Akishuka ngazi, namshika kiwiko. Nampigia shikamoo na magoti nimekunja. Yeye ananitolea macho tu, anasema maneno, mimi naona ni asante. Nikazidisha.

Ikafika Jumapili moja, mvua ndiyo zinaishia. Wakaja wageni, wazungu wa mashamba ya jirani. Bibi kaoka keki mwenyewe, kafunga mlango wa jiko tusiingie. Akatoka nayo kibarazani kwenye trei kubwa, na vikombe, na birika, kichwa juu kama bibi harusi. Wageni wote wanamwangalia. Ungemwona! Alikuwa anaweza, hata mkono hautetemeki.

Mpishi akaona aibu. Bibi wa watu abebe trei, yeye kasimama! Watasema nyumba hii haina adabu. Akakimbia, akashika trei. Bibi akavuta kwake. Mpishi akavuta, kwa heshima lakini anavuta. Na mimi nimeshaleta kigoda na blanketi la magotini, nimepiga goti mbele yake, "Shikamoo bibi, kaa bibi, utaanguka bibi." Vikombe vikaenda chini, pwaa! Keki ikamfuata mbwa, yaani mbwa ndiye aliyeifuata, yote moja.

Memsabu akasema neno dogo, taratibu, anatabasamu. Jikoni nikamuuliza mpishi.

"Kasema, unaona mama? Hata hawa wanaona."

Wiki ile ile gari likaandaliwa. Bibi akatoka hajapaka rangi ya mdomo. Nikaenda kumshika kiwiko apande. Akanipiga kofi la mkononi, kofi zuri kabisa, lina nguvu! Nikamwambia mpishi, "Huyu kweli amezeeka?" Mpishi akaangalia chai.

Gari likashika njia ya Iringa. Memsabu hakumsindikiza, alipunga mkono mlangoni, halafu akatuita. Akatupa sabuni ya kuogea, kila mtu kipande chake, ile ya kwao yenye maua, na wakati ule sabuni dukani unaisikia tu. Mpishi akanitafsiria: "Anashukuru. Anasema tumemsaidia, yeye alikuwa anashindwa kumwambia."

Tukapokea kwa mikono miwili, tukakunja magoti. Niliogea mpaka ikawa nyembamba kama jani. Ilinukia, we!

Na yule memsabu, kama yupo hai, hesabuni wenyewe, naye saa hizi ni wa umri fulani. Namwombea watoto wake wawe kama yeye.